Mkinzano wa Kauli katika Mantiki ya Jadi

Mantiki ya jadi, ambayo chimbuko lake ni maandishi ya Aristotle, huzigawa kauli zenye kiima na kiarifu katika aina nne, kwa kutazama kama zinahusu vitu vyote au baadhi tu, na kama zinathibitisha au zinakanusha. Wanazuoni wa Kilatini wa zama za kati walizipa herufi: A na I kutoka affirmo, yaani "nathibitisha", E na O kutoka nego, yaani "nakanusha". Hivyo "Majahazi yote yana tanga" ni A. "Hakuna jahazi lenye tanga" ni E. "Baadhi ya majahazi yana tanga" ni I. Na "Baadhi ya majahazi hayana tanga" ni O.

Mkinzano ni jina la jumla la mahusiano ya kauli hizi, lakini ndani yake mna mambo yasiyofanana. A na O hukanushana, kama zinavyokanushana E na I: moja ikiwa kweli, nyingine ni uongo, wala hapana njia ya tatu. A na E zina ukinyume tu, kwa kuwa haziwezi kuwa kweli pamoja, ila zote mbili huwa uongo pale majahazi kadhaa yanapokuwa na tanga na mengine hayana. Basi anayepinga dai la "yote" hana haja ya kuthibitisha "hakuna", kwani jahazi moja lisilo na tanga linamtosha. Mabishano mengi hurefuka bure kwa sababu mbishi amejitwika mzigo asiotakiwa kuubeba. I na O, zenye ukinyume mdogo, zaweza kuwa kweli pamoja lakini si uongo pamoja, na I hufuata kutoka A kama O inavyofuata kutoka E.

Kiswahili kina mtego wake hapa. "Majahazi yote hayana tanga" huweza kueleweka kuwa hakuna hata moja lenye tanga, au kuwa si yote yenye tanga, yaani E au O. Ndiyo maana mwandishi makini huanza E kwa "hakuna".

Mraba unaochorwa kuonyesha mahusiano haya husimama kwa sharti kwamba kiima kina vitu. Mantiki ya kisasa, ikimfuata George Boole wa karne ya 19, huisoma "Mazimwi yote yana pembe" kuwa "chochote kikiwa zimwi, kina pembe", hivyo yasipokuwepo mazimwi, A na E huwa kweli pamoja, I na O huwa uongo pamoja, na katika mraba hubaki mistari miwili ya mshazari tu, ile ya kukanushana.