Kuondolewa dhima: mdaiwa mmoja akiachiwa, mdhamini anabaki wapi?

Kwenye sacco na vikundi vya mikopo husemwa fulani "amesamehewa" deni, na wadhamini wake hushusha pumzi. Neno hilo ni pana mno kwa kazi hii. Mkopeshaji anaweza kuwa amechelewa tu kudai, au ameahidi kutomfikisha mkopaji mahakamani kwa muda, au ameiacha kabisa haki yake ya kumdai. Ni hili la tatu tu ambalo naona linastahili kuitwa "kuondolewa dhima", na ndilo nitakalolizungumzia zaidi hapa.

Tuanze na mkopaji mwenyewe. Sheria ya Mikataba ya Tanzania Bara, Sura ya 345, ambayo imefuata kwa karibu ile ya India ya 1872, inasema mkopeshaji akimwondolea mkopaji dhima kwa makubaliano, mdhamini naye ametoka. Fikihi ya Kiislamu inayojulikana pwani haipingani na hilo: mdai akimwachia mdaiwa wa asili, mdhamini yu huru; akimwachia mdhamini, mdaiwa bado anadaiwa. Sababu yake ni ya haki kabisa. Mdhamini anayelipa ana haki ya kumgeukia mkopaji arudishiwe fedha zake, na mkopeshaji hawezi kuifuta haki hiyo kisha bado akamdai mdhamini. Kuchelewa tu kudai, hata hivyo, hakumtoi mdhamini. Wala mkopaji aliyeondolewa madeni na mahakama kwa kufilisika hamtoi mdhamini wake, kwa kuwa hapo si mkopeshaji aliyemwachia.

Ugumu uko kwa wadhamini wenza. Chini ya Sura ya 345, kumwondolea mmoja dhima hakuwaondolei wenzake. Chukua mkopo uliobaki shilingi milioni 6, wenye wadhamini watatu waliobeba dhima sawasawa. Mmoja anapewa barua ya kuachiwa, mkopaji anatoweka, na wawili waliobaki wanalipa milioni 3 kila mmoja. Fungu la kila mdhamini lilikuwa milioni 2. Basi kila mmoja wa wale wawili anaweza kumdai aliyeachiwa milioni 1, maana barua ile ilimkinga dhidi ya mkopeshaji, haikumkinga dhidi ya wadhamini wenzake. Wengi hulipa wakanyamaza, wakidhani mwenzao ameshatoka.

Wadaiwa wenza, yaani waliokopa pamoja, nao hufuata kanuni hiyohiyo huku Bara. Kenya ni tofauti: Sheria ya Mikataba, Sura ya 23, inaelekeza kwenye kanuni za Uingereza, na kwa jadi ya kanuni hizo kumwachia mdaiwa mmoja wa pamoja ni kuwaachia wote, isipokuwa mdai ameeleza kwamba anabakiza haki yake juu ya waliosalia. Sentensi moja ndani ya barua inaweza kugeuza kila kitu.

Tena fomu nyingi za dhamana za benki zina kifungu kinachosema mdhamini atabaki na dhima hata mkopaji akiongezewa muda au akiachiwa. Kifungu hicho kinaweza kumvua mdhamini kinga nilizozieleza hapa. Kitafute kabla ya kutia sahihi, na ukisikia mwenzako ameachiwa, omba nakala ya barua yake uisome kabla hujalipa hata shilingi.