Kuweka sisteme mu ordinatere: angalia saa mbele ya kubonyeza « Suivant »

Wakati fundi anaweka Windows ao Linux mu ordinatere, programu inamuuliza maulizo: luga gani, inchi gani, klavye gani, saa ya wapi. Karibu kila ulizo liko na jibu lenye limekwisha kutayarishwa, na watu wengi wanabonyeza tu « Suivant ». Si mubaya. Jibu hilo limewekwa kwa ajili ya mutu asiyejua la kujibu, na mara nyingi linasaidia. Lakini huku kwetu, ulizo la saa njo linatega watu.

Kongo iko na saa mbili. Kinshasa, Kongo Central, Équateur na majimbo mengine ya magaribi wako UTC+1. Haut-Katanga, Lualaba, Tanganyika, Kivu zote mbili, Maniema, Ituri, Tshopo na hata Kasaï tuko UTC+2. Programu ikiambiwa « RDC », inaweza kukupa saa ya kapitale. Zingine zinauliza intaneti uko wapi. Kama anwani ya muunganisho wako imeandikishwa Kinshasa, unakuwa mutu wa Kinshasa bila kupanda ndege.

Basi watu wanaona saa imebaki nyuma, wanaisogeza kwa mukono. Inaonekana imepona. Ila ordinatere inahesabu ndani yake saa moja ya dunia nzima, kisha inaongeza masaa ya eneo lenye ulichagua. Siku inapata intaneti, inarekebisha ile saa ya ndani, na kwenye ekra unarudi nyuma tena. Mu redio yenye inapanga matangazo kwa ordinatere, habari ya saa moja asubui inatoka saa mbili. Mu duka, risiti zinaandikwa saa ya uongo, na siku kunakuwa mabishano juu ya makuta, karatasi haisaidie mutu.

Usisogeze saa, badilisha eneo. Mu Linux, tafuta Africa/Lubumbashi: ni jina la muji wetu, lakini ni la upande wote wa mashariki, hata uko Goma ao Kisangani. Mu orodha ya Windows Lubumbashi haimo. Twaa « (UTC+02:00) Harare, Pretoria ». Usitwae Athènes wala Le Caire, hata kama nazo zimeandikwa +02:00. Kule wanasogeza saa wakati wa joto, Misri ilirudilia desturi hiyo mu 2023, na saa yako itasogea pamoja nao.

Klavye nayo. Ukichagua Kifaransa, programu inaweka AZERTY, lakini mashini nyingi za okazyo ziko na QWERTY: A inatoka Q, Z inatoka W. Neno la siri unaliandika bila kuona herufi, kesho yake linakataa kufungula. Andika kwanza a, z, m na namba pahali pa jina, pale zinaonekana.

Kuko jibu moja la kusoma mara mbili: « Effacer le disque ». Linafuta kila kitu, picha na hesabu za duka pia. Tia kopi ku flashi mbele.

Mise à jour za Windows zinavuta mega zenyewe. Usizizime, zinakinga mashini. Kama unatumia forfait ya simu, weka tu « Connexion limitée » mu paramètres za Wi-Fi hiyo; nyingi zitangojea mupaka upate muunganisho mwingine.