Kampuni ya mawakili iliyoingia soko la hisa

Tarehe 21 Mei 2007, hisa za Slater and Gordon zilianza kuuzwa katika Soko la Hisa la Australia. Hakuna kampuni ya mawakili duniani iliyokuwa imewahi kufanya hivyo. Desturi ya taaluma hiyo ilikuwa kwamba ofisi ya wakili humilikiwa na mawakili wenyewe, kwa kuwa mwenye mali ndiye mwenye kauli, na mtu asiyefungwa na kiapo cha uwakili hafai kuwa na kauli juu ya kesi ya mteja. Sheria ya Mawakili ya Kenya bado inamzuia wakili kugawana ada na asiye wakili. Jimbo la New South Wales lililegeza kamba mwaka 2001, na majimbo mengine ya Australia yakafuata.

Waanzilishi hawakuwa wachuuzi wa hisa. Ofisi ilifunguliwa Melbourne mwaka 1935, ikiwa karibu na vyama vya wafanyakazi. Baadaye iliwatetea watu waliougua kwa kuvuta vumbi la asbestosi la mgodi wa Wittenoom, na wanavijiji wa Papua New Guinea ambao mto wao, Ok Tedi, ulichafuliwa na taka za mgodi wa shaba wa BHP. Kesi za namna hiyo huchukua miaka, na mteja maskini halipi mpaka ashinde. Mtu anayezipigania anahitaji mtaji, na hoja hiyo ina uzito wake; siidharau.

Waraka wa kuuza hisa ulieleza wazi kwamba wajibu wa kwanza ni kwa mahakama, wa pili kwa mteja, na mwanahisa huja wa tatu. Ni mpangilio wa haki kabisa. Lakini soko hudai ukuaji kila mwaka, na kesi haziivi kwa ratiba ya soko. Kampuni ikakua kwa kununua ofisi nyingine, ikavuka hadi Uingereza, na mwaka 2015 ikatoa pauni milioni 637 kununua kitengo cha madai ya ajali cha Quindell, kampuni ambayo hesabu zake zilikuwa tayari zinatiliwa shaka. Sehemu kubwa ya thamani iliyonunuliwa ilikuwa kesi ambazo hazijaisha, yaani ada inayokisiwa, haijalipwa.

Novemba mwaka huohuo serikali ya Uingereza ilitangaza mpango wa kubana fidia za majeraha madogo ya shingo yatokanayo na ajali za magari. Hisa ziliporomoka kwa zaidi ya nusu kwa siku moja. Mwaka huo wa fedha ulifungwa kwa hasara ya zaidi ya dola bilioni 1 za Australia. Wanahisa wakashtaki, na kampuni iliyozoea kuwadai wengine fidia ikakubali mwaka 2017 kuwalipa dola milioni 36.5. Mwaka huohuo wadai, wakiwamo wawekezaji walioyanunua madeni yake, walichukua takribani asilimia 95 ya umiliki. Mgonjwa wa asbestosi aliyekuwa na jalada pale hakuulizwa.

Vyama vya mawakili vya Afrika Mashariki vikipelekewa hoja ya kuwafungulia wawekezaji mlango, viwatake kwanza waeleze ni nani atakayemlinda mteja siku ofisi itakapotwaliwa na wadai.