Kongolo: pamba ya lazima na mnunuzi mmoja

Wakati wa ukoloni wa Ubelgiji, mkulima wa Kongolo alilima pamba kwa lazima, akaiuza kwa kampuni moja tu, kwa bei iliyopangwa na serikali.

Lakini kwenye karatasi, biashara ya Kongo ilikuwa huru. Mkataba wa Berlin wa mwaka 1885 ulitaka wafanyabiashara wa mataifa yote wapokelewe sawasawa. Ubelgiji, ambayo iliichukua nchi kutoka kwa mfalme Leopold wa Pili mwaka 1908, haikuweza kupendelea bidhaa zake kwa ushuru wa forodha. Nguvu yake ilipitia makampuni.

Kampuni ya reli, CFL, ya tajiri Édouard Empain, ilianzishwa mwaka 1902. Dola iliipa ardhi kubwa na kuihakikishia faida ya asilimia 4. Kufikia mwaka 1911 treni ilikuwa inatembea kati ya Kindu na Kongolo. Mwaka 1915 reli nyingine ikatoka Kabalo mpaka Albertville, ambayo leo ni Kalemie. Njia ya kutoa mali ilikuwa tayari.

Mwaka 1917, katikati ya vita, serikali ikaanza kulazimisha kilimo cha pamba. Amri ya mwaka 1921 ikagawa nchi: kila eneo na kampuni yake, na mkulima hana ruhusa ya kuuza kwingine. Mwaka 1933 kazi za lazima zikawekwa siku 60 kwa mwaka. Mwaka 1942 zikapanda mpaka 120. Aliyekataa alipata jela ao fimbo.

Angelalamika kwa nani? Sheria za Kongo zilitungwa na bunge na mfalme kule Brussels, na Mkongomani hakuwa na kura. Uchaguzi wa kwanza wa mitaa, Desemba 1957, ulifanyika katika miji mitatu tu: Léopoldville, Élisabethville na Jadotville. Kongolo haikuwemo.

Uhuru ukaja tarehe 30 Juni 1960. Siku 11 baadaye Katanga ikajitenga, na raia wengi wa kaskazini wakakimbia vita.

Leo pia kuna familia za Kongolo zilizo mbali na mashamba yao. Siku zitakaporudi kulima, swali la mababu litakuwa linazingojea sokoni: nani anapanga bei, na mkulima anaulizwa?