Paundi 177 za Absalom Jones

Upungufu ulikuwa paundi 177, shilingi 9 na peni 8. Hesabu hiyo ilichapishwa Philadelphia mwaka 1794, ndani ya kijitabu cha Absalom Jones na Richard Allen, watu wawili Weusi waliozaliwa utumwani. Walichopokea kwa kazi ya kuzika maiti za homa ya manjano ni paundi 233, shilingi 10 na peni 4. Walichotoa: majeneza ambayo hakuna aliyeyalipia, paundi 33, ujira wa vibarua watano, watatu kwa siku 70 na wawili kwa siku 63, kila mmoja shilingi 22 na nusu kwa siku, jumla paundi 378. Shika kalamu upige hesabu mwenyewe, inakubali. Chini yake wameandika kwamba wanadai watu paundi 110 nyingine, na hawana matumaini makubwa ya kulipwa.

Mimi ni muuguzi. Nililelewa Muheza, katika Uanglikana wa Magila, na sasa nasali katika parokia moja ya Kiepiskopali hapa Philadelphia. Ndugu zangu nyumbani huniuliza kama nimehama dhehebu. Nawaambia sijahama. Waanglikana wa Marekani walipojitenga na Uingereza hawakuweza tena kumwombea mfalme wa London kila Jumapili, wakajiundia kanisa lao, na mkutano wa mwaka 1789 uliopitisha katiba yake ulifanyika papa hapa mjini. Ibada naifuata bila shida. Kinachonishinda ni supu.

Maana Kwaresima ya huku ina jiko lake. Jumanne ya mwisho kabla ya mfungo wanaume wa parokia hukaanga pankeki ukumbini, kumaliza mayai na siagi kama walivyofanya wazee wao. Kesho yake tunapakwa majivu ya matawi ya Jumapili ya Matawi ya mwaka uliopita. Kisha kila Ijumaa ni Njia ya Msalaba, na baada yake supu ya dengu kwenye ukumbi wa chini. Haina limau wala pilipili, kwa hiyo pilipili natoka nayo nyumbani. Karibu na mlango kuna makapu ya maharage ya kopo na mchele kwa ajili ya ghala la chakula la mtaa. Jumatano ya Majivu husomwa Isaya 58, sura inayomkatalia mtu saumu yake kama mwenye njaa bado yuko mlangoni. Tukishaisoma, hapakosi mtu wa kumtaja Absalom Jones.

Wengi humtaja kama padri wa kwanza Mweusi wa Kanisa la Kiepiskopali, na ni kweli. Ila mimi naona upadri wake ulikuja mwisho wa kazi. Alizaliwa Delaware mwaka 1746, akaletwa Philadelphia akiwa kijana wa miaka 16 na kufanya kazi katika duka la bwana wake. Alipooa, alijitafutia vijisenti kwa kazi za usiku, na fedha hizo hakujinunulia uhuru wake. Alianza na wa mkewe Mary, kwa sababu sheria ilimfuatisha mtoto na hali ya mama: mama akiwa huru, watoto huzaliwa huru. Yeye mwenyewe aliachiwa mwaka 1784.

Tarehe 12 Aprili 1787 yeye, Allen na wenzao wakaanzisha Free African Society. Kwa msomaji wa Tanzania sihitaji kueleza sana, ni chama cha kufa na kuzikana. Kila mwanachama alitoa shilingi moja ya fedha kwa mwezi. Baada ya mwaka mmoja, aliyekwama alipewa shilingi 3 na peni 9 kwa wiki, mradi shida hiyo hakujitakia kwa uzembe wake. Mlevi hakupokelewa. Wajane wa wanachama walitunzwa. Hapakuwa na kanisa lolote nyuma ya chama hiki. Wanachama walisali huku na kule, wengi kwa Wamethodisti wa St. George's, mpaka siku walipoinuliwa kwa nguvu wakiwa wamepiga magoti, kwa kuwa walikaa mahali ambapo Weusi hawakutakiwa. Jones aliomba wasubiriwe tu mpaka sala iishe. Hawakusubiriwa. Sala ilipokwisha wakatoka wote pamoja.

Wakaamua kujenga. Tarehe 22 Agosti 1793, paa lilipopandishwa kwenye jengo lao la Fifth Street, palikuwa na chakula chini ya miti. Daktari Benjamin Rush, mmoja wa waliotia saini Azimio la Uhuru wa Marekani, alikuwapo na akaandika habari zake. Wazungu kama mia moja, wengi wao maseremala, waliketi mezani na Weusi wakawahudumia. Walipoinuka, Weusi wapatao 50 wakaketi meza hiyo hiyo na Wazungu wakawapakulia. Naipenda karamu hii kuliko sherehe zote za mji huu, ijapokuwa Rush alikuwa ameshatambua siku chache kabla kwamba kando ya mto kuna homa ya manjano.

Mpaka Novemba walikuwa wamekufa watu wapatao 5,000 katika mji wa watu kama 50,000. Philadelphia ndiyo iliyokuwa makao makuu ya serikali wakati huo. Rais Washington aliondoka, na kila mwenye farasi na shamba la kukimbilia akaondoka. Rush aliamini Weusi hawaambukizwi homa hiyo, akawaomba wajitokeze. Jones na Allen wakakubali. Waliingia nyumba ambazo ndugu wa mgonjwa walikuwa wamezikimbia, wakaosha, wakanywesha maji, wakabeba maiti, wakaokota watoto waliobaki peke yao na wazazi waliokufa. Rush akawafundisha kutoa damu, nao wakaandika kwamba waliwatoa damu zaidi ya watu 800.

Hapo muuguzi ndani yangu husimama. Kumtoa damu mgonjwa wa homa ya manjano ni kumsukuma kaburini, na dawa za kuharisha zenye zebaki alizoagiza Rush zilimalizia. Lakini mwaka 1793 hakuna aliyejua kwamba mwenezaji ni mbu. Hilo lilithibitishwa Cuba mwaka 1900. Nikiondoa kisu cha damu, kilichobaki ni uuguzi ule ule ninaoufanya mimi: maji, shuka safi, mtu wa kukaa kando ya kitanda. Naamini hicho ndicho kilichookoa waliookoka. Na ile kinga ya Weusi ilikuwa maneno tu. Allen mwenyewe aliugua na kulazwa. Kijitabu chao kinataja Weusi 67 waliozikwa mjini mwaka 1792, na 305 mwaka 1793.

Shukrani waliyopata ni tuhuma. Mchapishaji Mathew Carey, ambaye naye aliwahi kutoka mjini katikati ya homa, alitoa kitabu kilichouzika sana na humo akadai Weusi waliowauguza wagonjwa waliwatoza fedha za kupindukia na kuwaibia. Aliwatenga Jones na Allen kwa sifa, kana kwamba wao wawili hawakuwa na wenzao. Wao wakakataa sifa ya namna hiyo. Walijibu kwa kijitabu kile chenye hesabu, wakaeleza waliolipandisha dau ni matajiri wenyewe, waliogombania wauguzi kwa kuzidishiana bei, na wakaambatanisha uthibitisho wa Meya Matthew Clarkson kuhusu mwenendo wao. Nimekaa kwenye vikao vingi vya kanisa, nyumbani na huku, na sijaona majibu ya kashfa yaliyoandikwa kwa utulivu kama yale.

Jengo lilifunguliwa tarehe 17 Julai 1794, African Church of St. Thomas. Wengi walichagua Uepiskopali. Allen akabaki Mmethodisti na kufungua kanisa lake la Bethel siku chache baadaye, bila ugomvi wa kudumu kati yao. Masharti waliyompelekea Askofu William White ni ya watu waliojua thamani yao: wapokewe wakiwa kundi zima, wajitawale katika mambo ya parokia yao, na Jones awe kiongozi wao, akifaa apewe daraja. Wakakubaliwa. Jones alisamehewa Kigiriki na Kilatini, lugha ambazo kila mtaka daraja alitakiwa kuzijua, na bei ya msamaha huo ikawa parokia kutokuwa na kiti katika mkutano wa dayosisi. Alipewa ushemasi mwaka 1795, upadri mwanzoni mwa karne iliyofuata. Kiti hakikupatikana mpaka miaka ya 1860. Ni mapatano mabaya, na sioni haja ya kuyapamba. Ila walipata walichokitaka zaidi, nyumba isiyo na mtu wa kuwainua magotini.

Ndani ya nyumba hiyo mambo ya chama yaliendelea: kusaidiana, shule, maombi ya kupinga utumwa yaliyopelekwa mpaka Bunge la Marekani. James Forten, fundi na tajiri wa matanga ya meli, alikuwa mmoja wa wazee wa parokia. Tarehe 1 Januari 1808, Marekani ilipopiga marufuku kuingiza watumwa kutoka nje, Jones alihubiri katika ibada ya shukrani. Alifariki tarehe 13 Februari 1818. Parokia imehama zaidi ya mara moja na sasa ipo Overbrook, magharibi ya mji.

Tarehe hiyo ya Februari ndiyo kumbukumbu yake katika kalenda, na sadaka yake Waepiskopali wengi huielekeza kwenye vyuo viwili vilivyoanzishwa kwa ajili ya Weusi, Saint Augustine's na Voorhees. Miaka mingine siku hiyo hugongana na Kwaresima. Mwaka 2018, ilipotimia miaka 200 tangu afariki, ilikuwa Jumanne ya pankeki. Mwaka 2013 ilikuwa Jumatano ya Majivu yenyewe, na hapo kumbukumbu hupisha. Mwaka 2027 itakuwa Jumamosi ya kwanza ndani ya mfungo. Mhasibu wetu ameshauliza kama kikapu kipitishwe siku hiyo au Jumapili inayofuata, na mzee mmoja wa baraza akamjibu kipitishwe siku zote mbili.