Mkutano wa pikipiki wa Sturgis na matumizi ya ardhi

Mkutano wa pikipiki wa Sturgis ni tamasha linalofanyika kila mwaka mwezi wa Agosti katika mji wa Sturgis, kaunti ya Meade, jimbo la South Dakota nchini Marekani. Mji huo uko ukingoni mwa Black Hills, eneo la milima na misitu linalopokea watalii wengi wakati wa kiangazi. Sturgis ina wakazi takriban 7,000, lakini katika siku kumi za mkutano hufika wageni laki kadhaa. Mwaka 2015, mkutano ulipofanyika kwa mara ya 75, walikadiriwa kuwa zaidi ya 700,000. Tofauti hiyo imeathiri sana matumizi ya ardhi mjini na katika malisho yanayouzunguka.

Historia

Mkutano ulianza mwaka 1938 kama mbio zilizoandaliwa na klabu ya Jackpine Gypsies. Mwanzilishi wake, Clarence Hoel, aliyejulikana kama "Pappy", alikuwa muuzaji wa pikipiki za Indian. Mbio zilisimama wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia kwa sababu ya mgawo wa petroli. Wageni walipoongezeka walipiga kambi katika bustani ya umma, hadi bustani hiyo ilipofungwa kwao baada ya fujo za mwanzoni mwa miaka ya 1980.

Katikati ya mji

Siku za mkutano, barabara ya Main Street huachiwa pikipiki, ambazo huegeshwa kwa safu pembeni na katikati. Wachuuzi kutoka majimbo mengine hukodi maduka na viwanja vitupu, na hulipia leseni za muda. Kwa mwenye jengo, kodi ya siku hizo chache inaweza kuwa na faida kuliko mpangaji wa mwaka mzima. Kwa hiyo baadhi ya majengo hufungwa kwa miezi mingi, na wakazi hukosa maduka ya kawaida katikati ya mji wao. Wako pia wanaopangisha nyumba zao na kuondoka mjini kwa muda, au wanaokodisha nyua zao kwa wenye mahema.

Kambi za nje

Upande wa mashariki, mji unapakana na ardhi ya serikali ya Fort Meade, ngome ya jeshi iliyoanzishwa mwaka 1878. Ng'ambo yake, karibu na barabara kuu namba 34, malisho yamegeuzwa kuwa viwanja vya kambi vyenye majukwaa ya muziki na baa. Kinachojulikana zaidi ni Buffalo Chip, kilichoanza mwaka 1981. Mwaka 2015 eneo hilo lilijitangaza kuwa mji unaojitegemea, na Sturgis ikapinga. Kesi iliendelea hadi mwaka 2020, Mahakama Kuu ya jimbo ilipoamua kwamba mji huo haukuanzishwa kihalali, kwa kuwa haukutimiza idadi ya wakazi inayotakiwa na sheria.

Mlima Bear Butte

Kaskazini-mashariki mwa Sturgis uko mlima Bear Butte, ambao Walakota huuita Mato Paha. Ni mahali patakatifu kwa Walakota, Wacheyenne na makabila mengine, ambao hupanda huko kufunga na kusali, na huacha vitambaa vya rangi kwenye miti. Mlima umekuwa hifadhi ya jimbo tangu mwaka 1961, lakini mashamba mengi yanayouzunguka ni mali ya watu binafsi. Mwaka 2006 kaunti iliruhusu pombe kuuzwa katika kambi mpya karibu na mlima, ingawa makabila yalipinga kwamba kelele za muziki na injini zinavuruga ibada. Baadhi ya makabila yamenunua vipande vya ardhi hapo ili visijengwe baa wala kambi. Kwa njia hiyo wamelazimika kulipia ardhi ambayo Mkataba wa Fort Laramie wa mwaka 1868 uliwaahidi Walakota pamoja na Black Hills yote.