Kadi za Shanga na Wateja Wagumu wa Ujiji

Wako watu Ulaya na Marekani wanaotoa fedha nyingi kununua kitu ambacho duka lenyewe halikukiweka kwa kuuza: dubu mkubwa wa Steiff aliyekaa dirishani kuvutia watoto, au kabati la kioo la kupangia magari ya bati. Vitu hivyo ni adimu kwa sababu vilitengenezwa vichache, vikatumika mpaka vikachakaa, na bidhaa mpya zilipoingia vikatupwa. Biashara ya karne ya 19 ya Ujiji, mji wa ukingoni mwa Ziwa Tanganyika, nayo ilikuwa na kitu cha ukoo huo, ingawa chenyewe kilibaki ng'ambo. Ni kadi ya sampuli za shanga, na mimi naithamini kuliko dubu yeyote.

Kadi hiyo ni karatasi ngumu iliyopangwa shanga za vioo, kila aina na namba yake, ili mfanyabiashara wa jumla aagize bila kukosea. Shanga nyingi zilitoka Venice na kisiwa chake cha Murano. Kadi za Moses Lewin Levin, mfanyabiashara wa shanga wa London, zimo British Museum, na mtafiti Karlis Karklins alichapisha maelezo ya kadi hizo mwaka 1982. Za kampuni ya J.F. Sick zilihifadhiwa Tropenmuseum, Amsterdam. Mkusanyaji akizibandua shanga ili aziuze moja moja, ushahidi unakufa: zinabaki shanga za kupendeza zisizo na namba wala asili.

Namba hizo zilikuwa na kazi kubwa, maana mnunuzi wa bara hakuwa mtu wa kupokea chochote. Mwandishi wa habari Stanley alipokuwa Zanzibar mwaka 1871 akijiandaa kumtafuta mmisionari Livingstone, alilazimika kujifunza kwanza nani anataka shanga gani. Unyamwezi walitaka nyekundu, samesame. Nyeusi zilipita Ugogo tu. Sungomaji, shanga kubwa mfano wa yai, zilikuwa na thamani Ujiji na ng'ambo ya ziwa huko Uguha, lakini kwingine zilikataliwa. Alinunua magunia 22 kwa hesabu ya safari nzima, kwa kuwa alijua kwamba wasafiri Burton na Speke, waliofika Ujiji Februari 1858, walijikuta na mafundo mamia ya shanga zisizo na soko, wakazitupa. (Fundo moja lilikuwa khete kumi, yaani nyuzi kumi za shanga.)

Hapo ndipo ninapotofautiana na wanaosimulia habari za shanga kana kwamba mzungu alimdanganya Mwafrika kwa vioo. Wajiji, Waha na wenzao wa ukingo wa Tanganyika walichagua rangi, ukubwa na umbo, na aliyeleta kisichotakiwa alirudi nacho au alikitupa njiani. Kwa macho yangu, kadi ya Venice ni barua ya maagizo iliyoandikwa na wateja wa bara.

Soko la Ujiji lenyewe lilikuwa na utaratibu wa kustaajabisha. Msafiri Mwingereza Cameron, aliyefika Februari 1874, alikuta fedha ya sokoni ni sofi, shanga zinazofanana na vipande vya mrija wa kiko. Asubuhi walikaa watu wenye mifuko iliyojaa sofi, wakiwabadilishia wanunuzi kwa shanga za aina nyingine. Soko likifungwa, walizipokea tena kutoka kwa wauzaji wa samaki, mafuta ya mawese na nafaka, wakipata faida kote kuwili. Wale walikuwa wabadilishaji fedha kamili, na mwanahistoria Karin Pallaver ameandika kwa kina jinsi shanga zilivyokuwa fedha katika njia hii ya misafara.

Baadaye zikaja rupia za Wajerumani, na Februari 1914 reli ikafika Kigoma, jirani na Ujiji. Sofi ikapoteza kazi yake ya fedha.

Makumbusho ya Livingstone pale Ujiji yana sanamu za Livingstone na Stanley wakisalimiana. Natamani picha ya kadi moja ya Levin itundikwe karibu nao, ili mtoto wa Ujiji aone vilevile mzigo uliobebwa mabegani, pamoja na watu walioukagua. Na kama kuna familia yenye shanga za bibi sandukuni, ninaiomba isizitungue upya kwa uzi wa nailoni. Mpangilio wa zamani uachwe ulivyo, na jina la bibi liandikwe kwenye karatasi na kuwekwa pamoja nazo.